Kumsoma mbwa wako nyumbani, kuanzia mdomo hadi usingizi

Wengi humsoma mbwa kwa mkia peke yake: unatikisika, basi kafurahi. Hapo ndipo watu huumwa. Mbwa husomwa mwili mzima, tena kwa kumlinganisha na alivyo yeye mwenyewe siku zote, si na mbwa wa jirani. Unahitaji daftari, simu ya kurekodia video, na wiki moja ya kutazama.

Hatua ya 1: Ijue hali yake ya kawaida

Kwa siku saba, andika analala saa ngapi na wapi, anakula vipi, anakupokea vipi. Mtazame akiwa ametulia: mdomo wazi au umefumba, mkia umekaa juu au chini. Mbwa mwenye mkia uliojikunja mgongoni huubeba juu hata asipokuwa na neno na mtu. Mwenye masikio ya kuning'inia hawezi kuyasimamisha, kwa hiyo tazama shina la sikio: linasogea mbele au linarudi nyuma?

Hatua ya 2: Anza na mdomo, malizia na mkia

Mdomo uliolegea na macho yaliyolainika ni utulivu. Mdomo unaofumba ghafla ni ishara ya mapema kwamba kuna jambo. Akigeuza kichwa huku jicho limebaki kwako hadi weupe wake unaonekana, ana wasiwasi, acha unachofanya. Kisha tazama uzito wa mwili: umeegemea mbele au umerudi nyuma?

Mkia sasa. Ukipepea kwa upana hadi kiuno kinayumba, ni furaha. Ukisimama wima, mgumu, na kutetema ncha tu, huo ni msisimko unaoweza kuishia kwenye meno. Manyoya ya mgongoni kusimama nayo ni msisimko, si lazima hasira.

Hatua ya 3: Zikamate dalili ndogo

Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua bila chakula, kujikung'uta ilhali ni mkavu. Dalili moja haitoshi. Mbili au tatu zikifuatana, mbwa anaomba nafasi.

Jaribu hivi: mkune kifuani kwa sekunde tatu, kisha toa mkono. Akijisogeza kwako, endelea. Akigeuza uso, akilamba midomo au akiganda, amekataa. Kuganda ndiko kunakopuuzwa zaidi, na mara nyingi kuuma hakuko mbali. Kunguruma usikukaripie hata kidogo: ukimfundisha kunyamaza, hofu inabaki palepale, onyo ndilo linaloondoka.

Na ule uso wa hatia ukikuta kiatu kimetafunwa? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba mbwa huuvaa wanapokaripiwa, wawe wamekosa au hawakukosa. Ukigomba baada ya tukio, anachojifunza ni kuogopa kurudi kwako.

Hatua ya 4: Fuatilia usingizi

Mbwa mzima hulala kama saa 12 hadi 14 kwa siku. Mtoto wa mbwa hufika saa 18 hadi 20. Ndiyo maana mtoto anayeng'ata mikono jioni kama kichaa mara nyingi amechoka tu. Mchezo zaidi humzidishia; mpeleke mahali penye utulivu na mwanga hafifu.

Kujikunja hutunza joto. Kulala chali huku tumbo wazi hupoza mwili, na hufanywa na anayejiona salama. Kulala ubavu miguu imenyooka ni usingizi mzito.

Akiota, kope na makucha hufurukuta, hutoa vibweko vya chinichini. Usimguse, anaweza kushtuka akauma. Ikibidi, mwite jina kwa mbali. Kifafa ni kingine: mwili hukakamaa, miguu hupiga kwa nguvu, haitiki akiitwa, huenda akajikojolea, na akizinduka huwa kama hajitambui. Usitie mkono mdomoni. Ondoa vitu vigumu karibu yake, rekodi, tazama saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudi siku hiyohiyo, ni dharura.

Hatua ya 5: Hesabu pumzi

Subiri alale fofofo, asiwe anaota wala ametoka kukimbia, na chumba kisiwe na joto kali. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kwa kawaida haizidi 30 kwa dakika. Ikizidi, rudia saa moja au mbili baadaye. Ikiendelea hivyo, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana moyo au mapafu huenda yana tatizo.

Hatua ya 6: Panga malazi

Weka godoro kando ya ukuta, mbali na mlango na njia ya watoto. Mbwa anayerukwarukwa hulala nusunusu, kisha huamka na kisirani. Mbwa mzee apewe godoro nene ambalo mkono wako ukilikandamiza haugusi sakafu.

Mzee anayezunguka nyumba usiku na kulala mchana kutwa anaweza kuwa na maumivu ya viungo, au ubongo umeanza kuchakaa. Usimfungie nje kwa usumbufu huo. Mpeleke kwa daktari pamoja na daftari na video, kwa sababu akiwa kliniki mbwa huwa mgeni mtupu na huenda asionyeshe lolote kati ya hayo.