Swichi ya Kuwashia Amplifaya Ikisumbua: Namna ya Kuipima na Kuibadilisha

Swichi ya kuwashia amplifaya ni nadra kufa ghafla. Kwanza utabonyeza mara mbili au tatu ndipo taa iwake, baadaye sauti itakatika kila kitufe kikiguswa, na pengine utasikia cheche ikilia ndani. Wengi hudhani kitufe kimechoka kwa kubonyezwa, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi. Amplifaya inapowashwa, kapasita zake kubwa (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) huwa tupu, nazo hufyonza kwa kitambo kifupi sana mkondo unaozidi mara nyingi ule wa matumizi ya kawaida. Cheche zinazoruka wakati huo huunguza nyuso za vyuma hivyo kidogo kidogo, mpaka zifunikwe na utando mweusi usiopitisha umeme vizuri, au zishikane kabisa na swichi ikatae kuzima.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, chomoa plagi ukutani. Kuzima tu hakutoshi, kwa kuwa upande mmoja wa swichi hubaki na umeme wakati wote plagi ikiwa imechomekwa. Hata baada ya kuchomoa, kapasita kuu huendelea kuhifadhi chaji. Katika vifaa visivyo na transfoma kubwa, ambavyo hugeuza umeme wa ukutani moja kwa moja kuwa DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri), kapasita hiyo hubeba takriban volti 325 pale umeme wa ukutani unapokuwa volti 230, na kiasi hicho kinaweza kuua. Pima kwa mita, na ukikuta volti zimebaki, zipunguze kwa rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ya omu 2,200 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ukiigusisha kwenye miguu miwili ya kapasita huku ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha upime tena. Tafadhali usitumie bisibisi kuunganisha miguu ya kapasita, ingawa utaona baadhi ya mafundi wakifanya hivyo: cheche yake huweza kuharibu kapasita na kumjeruhi aliyeishika.

Swichi isihukumiwe kabla ya kupimwa. Angalia fyuzi na waya wa plagi kwanza, kisha tenganisha waya za swichi, ukizipiga picha kabla ili usisahau zilivyokaa. Weka mita kwenye omu na uguse miguu miwili ya upande mmoja. Swichi nzima ikiwashwa husoma chini ya omu 1, na ikizimwa haisomi kitu. Namba ikirukaruka unapotikisa kitufe, umeupata ugonjwa. Ikiwa kifaa chako kina kitufe kidogo chenye miguu minne kilicholehemiwa kwenye bodi, hicho hakikati umeme wa ukutani bali hupeleka ishara tu. Kipimo ni kilekile, lakini fahamu kwamba miguu hiyo huunganishwa ndani miwili miwili, hivyo gusa mguu wa jozi moja na wa jozi nyingine.

Kupuliza dawa ya kusafishia ndani ya swichi iliyoungua huleta nafuu ya muda tu, nami sipendekezi kuitegemea kwenye swichi ya umeme wa ukutani. Nunua mpya, na usiichague kwa umbo peke yake. Volti na ampea zilizoandikwa kwenye swichi ya zamani zisipungue katika mpya, na kama maandishi yanataja pia mkondo wa kuanzia, nao uzingatiwe, kwa sababu ndio uliounguza ya kwanza. Swichi iliyokuwa ikikata waya zote mbili ibadilishwe kwa nyingine ya aina hiyohiyo.

Unapolehemu, chuma chenye joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi kinatosha, na kisikae kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu au nne, maana plastiki ya swichi ikilainika, vyuma vya ndani hupinda na utakuwa umeharibu swichi mpya kabla haijafanya kazi. Funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Kabla ya kuchomeka plagi, hakikisha kwa mita kwamba pini mbili za umeme hazina mawasiliano na kasha la chuma la kifaa, na kwamba pini ya ethi, kama ipo, imeshikana nalo. Kwa amplifaya yenye transfoma, jaribio la kwanza lifanyike kupitia balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye kifaa. Balbu iking'aa kwa muda mfupi kisha ikafifia, ondoa balbu na uwashe moja kwa moja. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, chomoa, kwani kuna shoti mahali, na swichi haikuwa tatizo pekee.