Kabla Hujaanza Kupunguza Vitu Nyumbani: Nini Kibaki, Nini Kiondoke

Kabla ya kugusa chochote, waliomo nyumbani wakubaliane kipimo kimoja: kitu hiki kikihitajika mwezi ujao, kitapatikanaje na kwa usumbufu gani? Bei peke yake hudanganya. Bakuli la plastiki lisilo na mfuniko hupatikana gengeni, lakini cheti cha kuzaliwa kilichopotea kina safari za ofisini.

Tayarisha viroba vitatu, cha kutoa, cha kuuza na cha kutupa, na kila kimoja kiandikwe kwa maka pen. Visipoandikwa, kijana wa taka atavibeba vyote.

Vitu vya marehemu viwekwe kando, hata kama ni shati kuukuu. Mpaka mirathi igawanywe ni mali ya warithi wote, na cherehani iliyotolewa kwa nia njema inaweza kuzua ugomvi wa miaka. Vya ndugu aliyehamia mkoa mwingine, mpigie simu na mpange tarehe ya kuvichukua.

Makaratasi yapewe siku yake. Hati ya kiwanja, mkataba wa mauziano, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule havina mjadala. Viingie kwenye faili la plastiki la kufunga, juu kabisa, mbali na maji ya mafuriko na mchwa. Stakabadhi za kodi ya ardhi zikae pamoja na hati. Mkataba wa pango usubiri mpaka umehama na mmemalizana na mwenye nyumba. Kwa mwenye biashara Tanzania, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5, na hapo ndipo risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zinapowaponza watu. Maandishi yake hutokana na joto, si wino, na joto hilohilo huiharibu: kwenye droo chini ya paa la bati inaweza kubaki karatasi nyeupe kabla muda haujaisha. Toa fotokopi mapema. Lamineshi usijaribu, mashine ile ni ya moto, risiti hutoka nyeusi tii. Tokeni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, iliyokwisha kuingizwa haitumiki tena, itupe, ila namba ya mita iwe imeandikwa mahali.

Kifaa cha umeme kijaribiwe kwa kuwashwa. Friji iachwe usiku kucha, kwani taa ya ndani kuwaka si ushahidi kwamba inagandisha. Chaja zisizo na mwenyewe zisome kibandiko: ya 19V mara nyingi haina kazi kwenye nyumba isiyo na laptop. Simu ya kuuza itolewe laini na memori kadi, kisha ifutwe yote. Yenye betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, wala isitupwe kwenye shimo la taka zinazochomwa, maana hulipuka.

Vigae vilivyobaki wakati wa ujenzi weka vichache, 5 hadi 10. Toleo likibadilika, rangi haifanani hata jina likiwa lilelile.

Uani usisite: matairi na makopo yakishika maji ya mvua, mbu wa dengi hukua humo kwa muda wa wiki moja hadi siku 10.

Masufuria ya shughuli yasipimwe kwa miezi. Kama ukoo mzima huazima kwako, yabaki. Kama hakuna anayeuliza, ya kukodi yapo.

Vinavyokutia shaka viingie kwenye ndoo yenye mfuniko, si boksi la karatasi, ambalo mende hulifanya makazi. Juu yake bandika orodha na tarehe ya kuviamua, miezi mitatu mbele. Kiroba cha kutoa kiondoke siku ileile. Kikilala mlangoni, asubuhi kitafunguliwa na nusu itarudi kabatini.