Namna ya Kuandika Jinsi Riwaya Uliyoimaliza Ilivyokugusa

Ukishafunga riwaya, andika siku hiyohiyo, kabla hujasoma tahakiki wala kumuuliza mtu yeyote yeye aliionaje, kwa maana maoni ya wengine huingia upesi mno, na baada ya hapo ni vigumu kuyatenga na yako. Usianze na muhtasari wa kisa. Anza na mahali pamoja palipokusimamisha, utaje ukurasa, kisha ueleze kilichokupata pale, iwe ni huruma, hasira, au hata kuchoka.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, nayo ni kuifuata hisia hiyo hadi kwenye chanzo chake. Nilipomaliza Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, niliandika kwamba mwisho wake umeniudhi. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake, kwa tajiri ambaye yeye alimdhani kuwa jamaa yake, anaishia kuwakimbilia askari wa Wajerumani. Niliporudi kwenye kurasa za mwanzo, nikatambua kwamba uhuru niliomtamania Yusuf sikuwa nimeahidiwa popote, na kwamba kilichoniuma hasa ni kumwona kijana akitoka kwa bwana mmoja na kujitupa mikononi mwa mwingine. Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye thamani, lakini nisingeifikia bila ile ya kwanza.

Kwa riwaya ya kihistoria, gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: upande mmoja yaliyokugusa, upande wa pili yale unayotaka kuyahakikisha katika vitabu vya historia. Usiyachanganye. Kosa la tarehe halifuti machozi uliyoyatoa, na machozi nayo si ushahidi kwamba mambo yalitokea hivyo.

Kwa riwaya ya kifantasia, usiulize kama jambo lile linawezekana. Uliza kama ulimwengu ule umetii sheria uliyojiwekea wenyewe. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili analazimika kwa amri kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake. Binadamu kugeuzwa nyani hakukunisumbua hata kidogo. Kilichonishika ni mkono unaopiga huku moyo unahurumia, na naamini kwamba kama amri ile ingelegezwa usiku mmoja bila sababu, huruma yangu nayo ingelegea.

Andika pia pale ulipochoka na kuruka kurasa. Wasomaji wengi hulificha jambo hili, ilhali lina mafunzo mengi.

Baada ya wiki moja, soma tena uliyoyaandika. Ukiona umebadili mawazo, usifute maandishi ya kwanza, bali ongeza mapya chini yake pamoja na tarehe.