Somo: Kuchapa picha kwa kibao bila mashine, kwa tulio Mtwara na Lindi

Wadau, habari za kutwa. Nasoma sanaa, na kwa sasa nimezama kwenye uchapaji: unachonga kibao, unakipaka wino, unalaza karatasi juu yake, unasugua, unabandua. Kibao kimoja kinatoa nakala nyingi, na kila nakala ni kazi halisi ya mkono. Huku kwetu ukitaja sanaa mtu anafikiria kinyago kwanza, na ana haki. Lakini marehemu George Lilanga (1934–2005), Mmakonde wa huku Kusini, pamoja na kuchonga na kuchora alichapa pia picha kwa mabamba ya chuma alipokuwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Uchapaji si mgeni kwa watu wa Kusini.

Neno moja kabla hatujaanza. Mkono wa kuchonga huku tunao. Kinachoangusha kazi za wanaoanza ni wino, kwa hiyo hapo nitakaa sana.

1. Kibao

Anzeni na plaiwudi laini au kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa); fundi seremala huwa na mabaki na mara nyingi atakupa bure. MDF ina vumbi baya kwa mapafu, ukiipiga msasa vaa barakoa na ufanyie nje. Kwa picha ndogo, soli ya ndala kuukuu inachongeka vizuri hata kwa wembe.

Mtasikia pia habari za lino. Ni zulia la sakafuni lililobuniwa na Frederick Walton huko Uingereza katika miaka ya 1860, kwa mafuta ya kitani na unga wa koki, gome la aina ya mwaloni, juu ya kitambaa cha juti. Wachoraji waliligeuza kibao kwa sababu halina nyuzi za mbao za kukwamisha patasi. Tafuteni kazi za John Muafangejo wa Namibia (1943–1987): nyingi ni za lino, nyeusi na nyeupe, na hutamani rangi nyingine. Ukilipata lino, lianike juani kidogo kabla ya kuchonga, linalainika.

2. Mchoro

Picha itatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Kwa mti au samaki si neno. Ukitaka kuweka maandishi, kama jina la kanga chini ya picha, ni lazima uyageuze kwanza. Njia nyepesi: chora kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze uso chini juu ya kibao, sugua mgongoni. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka wenyewe, na ukichapa unarudi sawa.

Kisha jaza kwa kalamu nyeusi kila sehemu itakayobaki. Usiruke hapa. Utakachochonga kitakuwa cheupe, utakachoacha kitakuwa cheusi, na uamuzi huo ufanyike kwa kalamu kabla ya patasi. Mistari ya pembe pembe ya chale za Kimakonde ni zoezi zuri mno, kwa kuwa cheusi na cheupe vina uzito sawa.

3. Kuchonga

Patasi ndogo zenye mdomo wa V na wa U zinatosha. Ukizikosa, chukua vijiti vya chuma vya mwavuli uliovunjika. Vingi vina mfereji tayari: kata, noa ncha kwenye jiwe, tia mpini wa mti. Mkono ulioshika kibao usikae mbele ya patasi, kamwe. Kingo za mistari ziteremke kwa mshazari, zisisimame wima, la sivyo mistari myembamba itavunjika ukianza kusugua.

4. Wino

Nunua wino wa mafuta, ule wa mashine za kuchapia. Wenye viwanda vidogo vya uchapaji huwa na makopo yaliyobaki nusu. Wino wa maji unafaa kwa watoto, ila kwa joto letu la Oktoba na Novemba unakauka juu ya kibao kabla hujalaza karatasi.

Weka wino kidogo, wa ukubwa wa kijiko cha chai, juu ya kipande cha kioo cha dirisha chenye kingo zilizofunikwa kwa utepe wa gundi. Usambaze kwa rola kwenda mbele, kisha kwa upande, ukiinua rola kila mara ili izunguke. Mwanzoni wino unanyamaza. Baadaye unaanza kulia sauti nyembamba ya kunata, kama samaki anayekaangwa nyumba ya pili. Ikilia hivyo, wino uko tayari. Ikitoa sauti nzito ya matope, wino umezidi: ondoa.

Sasa paka kibao tabaka jembamba, rudi kwenye kioo, paka tena. Tabaka nyingi nyembamba, si moja nene. Wino mnene unaingia kwenye mistari uliyoihangaikia na kuifuta yote. Kiinamishe kibao kwenye mwanga: kinatakiwa kung'aa kwa usawa, bila vinundu. Nakala ya kwanza karibu kila mara ni hafifu, kwa sababu mbao bado inanyonya. Isikukatishe tamaa, iweke pembeni uendelee.

Ukimaliza, safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, halafu sabuni. Petroli na chumba kilichofungwa havikai pamoja.

5. Karatasi na kusugua

Karatasi nyembamba inashinda nene, manila iache. Hata ya fotokopi inafaa kwa mazoezi. Ilaze mara moja, isisogee, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje. Inua kona moja uchungulie huku umebana upande mwingine. Palipo hafifu, rudisha usugue.

6. Kukausha na kutia sahihi

Tundika kwenye kamba kwa vibanio. Kipindi cha mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wino wa mafuta unachukua siku kadhaa, usizipange moja juu ya nyingine. Sahihi ni kwa penseli chini ya picha: 4/15 maana yake nakala ya nne kati ya kumi na tano. Ukishasema kumi na tano, usiongeze ya kumi na sita. Mnunuzi amekuamini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Masasi: Dada, maganda ya korosho tunayo kwa magunia. Mafuta yake hayawezi kuwa wino?

Kaka, usiyaguse. Mafuta mabichi ya ganda yanaunguza ngozi. Waulize mama zetu wanaobangua. Viwandani hutengenezewa vanishi na rangi, lakini baada ya kusindikwa kitaalamu. Mezani kwako hapana.

Mwanachama, Newala: Mimi nachonga vinyago. Vipande vya mpingo vinavyobaki vinafaa?

Shikamoo fundi. Vinafaa, tena kwa kazi ambayo plaiwudi haiwezi. Usichonge ubavuni mwa mti, chonga mkato wa kukingama, pale miduara inapoonekana. Huko Ulaya Thomas Bewick (1753–1828) alichonga ndege na wanyama kwa namna hiyo kwenye mti mgumu, mistari midogo sana. Lainisha uso mpaka uteleze, na anza na kipande kidogo. Ningefurahi sana kuona mkono wako kwenye karatasi.

Mwanachama, Lindi: Nakala zangu zina vidoa vyeupe kila mahali.

Vidoa vya duara vyenye kitone katikati ni vumbi: futa kibao na rola. Weupe wa chenga chenga kote ni wino mchache au kusugua kwa haraka. Anza kwa kuongeza kusugua kabla ya kuongeza wino.

Mwanachama, Kilwa Masoko: Rangi mbili kwa kibao kimoja inawezekana?

Inawezekana. Chapa nakala zote kwa rangi nyepesi, kisha chonga zaidi kibao hicho hicho, chapa rangi nzito juu yake. Picasso alifanya hivyo kwa lino miaka ya 1950 na 1960. Gundisha vipande viwili vya kadi mezani vishike kona ya kibao, na viwili vingine vishike kona ya karatasi, ili rangi ya pili iangukie pale pale. Chapa nakala za ziada kwenye rangi ya kwanza, maana kibao kikishachongwa upya hakirudi nyuma.

Mwanachama, Mtwara mjini: Mwanangu ana miaka minane, anataka naye.

Mpe muhogo mbichi. Kata wewe, ufute maji yake kwa kitambaa, yeye achore kwa msumari butu kisha agonge kwa rangi ya maji. Utadumu siku hiyo tu; kesho mkatie mwingine.