Kwadi sio bodaboda ya matairi manne: jinsi ya kuongoza msafara wako wa kwanza huku tambarare ya Moshi

Habari zenu wakuu. Kwadi ni zile quad bike za matairi manne tunazotembezea watalii porini. Madogo wengi wa hapa Moshi wananiuliza, hasa wale wanaotoka kwenye bodaboda wanataka kuhamia utalii, "kaka kuongoza kwadi inakuaje, si ni pikipiki tu?" Sio pikipiki tu bana. Karibu kila tatizo nililoliona porini limeanzia hapo, mtu kakaa kwenye kwadi ila akili yake bado iko kwenye Boxer. Mimi mwenyewe nimetokea bodaboda kwahiyo siwacheki, nawapa nilichojifunza kwa mguu wangu, na nikisema mguu namaanisha mguu, mtaona huko chini.

Mifano nitatolea njia ya Boma Ng'ombe kushuka Rundugai mpaka chemchemi ya Chemka mana wengi mnaijua, vumbi, mibuyu, migunga, korongo, ng'ombe kibao, alafu mwisho wa siku unazama kwenye maji ya bluu. Wa Arusha mnaopiga kazi Kisongo au Monduli badilisheni majina tu. Na tuelewane mapema, naongelea njia za vijijini. Ndani ya hifadhi ya taifa kuacha barabara ni kosa, kwadi haina kazi kule, mgeni akikuomba umpeleke kwa simba na kwadi mcheke kistaarabu afu muuzie safari ya gari.

Hatua ya 1: Kagua mashine kabla hujanywa chai

Oili inaangaliwa mashine ikiwa ya baridi na imesimama sehemu iliyonyooka. Breki zote, za mkono na ya mguu. Taa. Ile swichi nyekundu ya kuzima, ibonyeze kweli mashine ikiwa inaunguruma uone inazima, usiitazame tu. Ea klina kiangazi hiki cha mwezi wa saba mpaka wa kumi inataka kusafishwa kila siku mliyotembea, vumbi letu ni laini kama unga wa sembe linapita popote.

Sasa tairi, hapa naomba nikae kidogo. Tairi ya kwadi inatembea na upepo mdogo sana, nyingi ni kati ya PSI 4 na 7, soma namba iliyobandikwa kwenye mashine yako mana zinatofautiana. Geji ya kawaida ya pale kwa mafundi wa pancha hata haioni namba hiyo, mshale unakaa kwenye sifuri tu. Nunua geji yako ya upepo mdogo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia fundi mmoja anijazie tairi mbili za mbele, kwa mazoea yake ya pikipiki akaniwekea kama 28, nikaona zimekaza nikafurahi zimependeza, kufika njia ya mawe ile mashine inadunda kama mpira wa kikapu, usukani unanitoka mikononi, nikasimama nikaanza kutoa upepo kwa kijiti huku wageni wananiangalia. Aibu.

Na kwakua upepo ni mdogo, pancha ya mwiba wa mgunga huioni kwa macho, tairi nzima na tairi inayovuja zinafanana. Kila mkisimama piga ngumi ubavuni mwa tairi, ulinganishe na mwenzake wa upande wa pili. Kwenye begi lako ziwepo kamba za kuzibia pancha, kile kisindano chake, pampu ndogo, maji, na huduma ya kwanza yenye bandeji ndefu, sio zile plasta za watoto.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni majani makavu. Ukipita kwenye nyasi ndefu yanajikusanya chini pembeni ya ekzosi, na ekzosi ni moto wa kuchoma kweli. Inama yatoe kwa mkono mashine ikiwa imepoa. Rejeta nayo inazibwa na mbegu za nyasi, mashine inachemka mnaanza kulaumu injini.

Hatua ya 2: Pita njia kabla ya wageni

Siku moja kabla, au alfajiri hiyohiyo, wewe au mwenzako mpite. Masika yakiisha njia ya mwezi wa pili sio njia ya mwezi wa sita, korongo limehama, kingo imeliwa kwa chini juu panaonekana pazima. Na kama bosi wako hajaongea na serikali ya kijiji usijitie ujanja, mwenyekiti akiamua kukusimamisha mbele ya wageni sita utaongea Kiingereza chote kitaisha.

Hatua ya 3: Wageni, kabla mtu hajagusa ufunguo

Wape helmeti, kofia ya kitambaa ya ndani, miwani, na kitambaa cha pua. Viatu vya kufunika vidole na kisigino, ndala hapana, hata kama ni tajiri wa namna gani. Shali ndefu na shuka la kimasai linaloning'inia vifungwe au viachwe, vinazama kwenye tairi.

Abiria hamna. Siti ni ndefu kweli lakini mashine nyingi zimeandikwa kabisa ni za mtu mmoja, ule urefu ni wa kusogea mbele na nyuma mlimani. Mishkaki, yani kubebana wengi kwenye siti moja, tuiache stendi. Watoto pia, mashine kubwa watengenezaji wengi wameandika kuanzia miaka 16, mtoto wa miaka 10 hata baba yake akibembeleza vipi jibu ni lile lile.

Desemba ndo utapata shida, Wachaga wanarudi nyumbani kwa sikukuu, wenyewe tunasema kuhesabiwa, mtu kashinda kihamba, yani shamba la ukoo, kaja kwako saa tisa mchana ananukia mbege, pombe ya ndizi. Huyo hapandi. Mpe kiti, mpe soda, asubiri wenzie.

Alafu kuna wale wenye uzoefu. Desemba moja nilipata mzee mmoja kaja na wanae toka Dar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mimi pikipiki nimeendesha kabla hujazaliwa, hayo maelezo wape hao watoto."

"Sawa mzee, nakuamini. Basi nisaidie uwe wa kwanza kuzunguka hapa uwanjani wao waone."

Akaona kapewa heshima, akapanda. Akazungusha mkono wa kulia kama pikipiki, hamna kitu. Akazungusha tena. Mana kwadi nyingi mafuta hayazungushwi, yanabonyezwa na kidole gumba. Mara ya tatu akakaza kiganja, kidole kikabonyeza mpaka mwisho bila yeye kujua, mashine ikaruka, akashtuka akafinya kushoto anapojua kuna krachi, na kushoto kwenye hizi otomatiki ni breki. Tumbo likapiga usukani. Mzee akashuka taratibu akasema "hebu rudia yale maelezo". Kuanzia siku hiyo, mwenye uzoefu wa pikipiki ndo namwangalia mara mbili.

Hatua ya 4: Mduara wa mazoezi, na habari ya mguu

Weka mawe manne uwanjani, kila mtu azunguke kulia mara tatu, kushoto mara tatu, asimame unapoinua mkono. Unachotafuta ni mambo matatu.

Moja, kidole gumba. Abonyeze kama anabonyeza kengele ya mlango wa mgonjwa.

Pili, mwili. Pikipiki inalala na wewe kwenye kona, kwadi hailali, nyingi ekseli ya nyuma ni moja tairi zote mbili zinazunguka sawa kwahiyo inataka kwenda mbele tu. Lazima wewe ndo uegemee upande wa kona, makalio yasogee kwenye siti, ukikaa wima kama uko kanisani inakusukuma nje. Hii ndo sababu hata lami tunavuka tu hatutembei, kwenye lami inagoma kona na tairi zake sio za huko.

Tatu, miguu. Miguu inakaa juu ya kikanyagio muda wote, hata unapunguza, hata unaona inataka kulala. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini, nimefika kwenye kijikona cha mchanga taratibu kabisa spidi ya mtu anaetembea, nikahisi inayumba, mguu wa kushoto ukashuka wenyewe kama nilivyozoea miaka yote kwenye bodaboda. Tairi ya nyuma ikapanda kisigino. Haikunikata wala nini, ilinikanyaga tu ikauvuta mguu kwa nyuma mimi bado nimekaa, nikasikia kifundo kinalia kama ukuni. Wiki sita na gongo. Sasa nikiwa kwenye mduara macho yangu yako chini kwenye viatu, mgeni akishusha mguu hata mara moja anarudia mduara, akishusha mara tatu anapanda gari na msaidizi, hela yake anarudishiwa.

Hatua ya 5: Msafara wenyewe

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkiweza. Kilimanjaro ikifika saa nne mara nyingi ishavaa mawingu, na ukishuka Rundugai mlima unakua mgongoni, kwahiyo panga kituo cha kwanza karibu, wageuze nyuma wapige picha zao kabla haujajifunika, usiwaambie "tutapiga tukirudi". Wa jioni mjue jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi na giza letu halibishi hodi.

Wewe mbele, swipa nyuma, yani yule msaidizi wa mwisho. Mgeni anaesumbuka zaidi kuendesha anakaa nyuma yako hapo hapo, sio mwisho. Mgeni anaejiweza ndo anakaa mbele ya swipa. Hakuna kupitana. Nafasi kati ya mashine na mashine ni vumbi, waambie hivyo tu, kama bado unakula vumbi la mwenzio uko karibu sana. Ishara zote ni za mkono wa kushoto mana wa kulia una mafuta: mkono juu ni simama, kiganja kinapapasa chini ni punguza. Mgeni anaiga anachokiona, wewe ukipita na spidi ya kujionyesha ujue unawafundisha.

Na geuka nyuma. Kila kona ukishamaliza, geuka uhesabu helmeti. Nilikuwa na mwenzangu kazi moja alifika Chemka na watu wanne ametoka na watano, swipa alikuwa anamsaidia mmoja aliezimikiwa, mbele huku jamaa anapiga stori tu.

Hatua ya 6: Watu na mifugo

Ng'ombe wakiwa njiani simama. Wakiwa na woga zima kabisa. Honi usipige, angalia fimbo ya mchungaji, yeye akishawapeleka upande mmoja atakuonyesha. Punda ndo hatabiriki, anasimama kabisa umeshaamini, afu anakatiza na madumu yake ya maji. Salamu inafungua njia kuliko honi, kwa wazee wa kimasai "sopa" uitikiwe "ipa", huku pande za Wachaga unajua mwenyewe.

Kina mama wanatoka sokoni na mizigo kichwani, punguza mpaka vumbi lisinyanyuke. Hii haina sheria popote, ila wewe utapita hapo kesho na keshokutwa. Na pipi mgeni asirushe. Mtoto akishazoea pipi anaikimbilia kwadi inayofuata, na inayofuata inaendeshwa na mtu aliejifunza nusu saa iliyopita.

Hatua ya 7: Korongo na mteremko

Korongo simamisha wote mbali, shuka, litembelee kwa miguu. Kama mlimani juu kumevuta weusi usikawie humo korongoni wala usisimame humo kupiga picha hata kama juu yenu jua linawaka, mvua ikinyesha juu maji yanakuja huku chini kwenye mchanga mkavu bila kutoa taarifa.

Kupandisha: gia ya chini, mwili mbele, mafuta sawasawa. Kushuka: gia ya chini, makalio nyuma, breki taratibu. Kukata mlima kwa ubavu usiruhusu mgeni kabisa. Ikizima katikati ya mpando ashike breki akae, asigeuze, wewe ndo upande kwa miguu umfuate. Akishuka anashukia upande wa juu. Hawa wa kulazimisha kugeuza ndo wanaopinduka, na kwadi ni kilo mia mbili na kitu inakuja juu yako. Mmoja mmoja, wa pili haanzi mpaka wa kwanza kafika juu.

Hatua ya 8: Kurudi

Dakika kumi za mwisho wageni wanajiona madereva, hapo ndo wanaanza kushindana. Rudi taratibu kuliko mlivyoenda. Mkifika hesabu watu, hesabu helmeti, piga ngumi tairi zote, uliyoyaona yaandike kwenye daftari siku hiyohiyo, "namba 3 breki ya kushoto laini", mana kesho asubuhi utakua umesahau na atakaeipanda ni mtoto wa mtu. Kuosha subiri ipoe, na maji ya presha yasielekezwe kwenye ea klina wala kwenye boksi la mkanda, mkanda ukilowa unateleza, unaungurumisha mashine haitembei.

Helmeti zianike juani zimegeuzwa mdomo juu. Mgeni wa kesho asubuhi kitu cha kwanza atakachofanya ukimpa ni kuinusa.