Mchezaji wa Kidato cha Sita Tanga: kuomba chuo na mkopo bila kupoteza usajili wa klabu

Mtihani wa Kidato cha Sita ukiisha Mei, mchezaji wa Tanga huenda akaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), iwe kambi ya Maramba, Mgambo au mkoa wa mbali. Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hutoka kwa kawaida Julai, vyuo vinafungua dirisha la maombi, na wiki hizohizo klabu zinasajili. Anayengoja matokeo ndipo aanze kutafuta vyeti huachwa na vyote. Karatasi zishughulikiwe kabla ya mtihani.

Anza na cheti cha kuzaliwa, maana Bodi ya Mikopo (HESLB) inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ingia eRITA, mfumo wao wa mtandaoni, pakia nakala iliyoskaniwa vizuri, lipa ada kwa namba ya malipo utakayopewa, kisha tunza majibu ya uhakiki. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo.

Hapa ndipo wengi hukwama, na tatizo karibu kila mara ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani Bakari, cha Kidato cha Nne kinasema Othman Bakari. Mtaani kwenu ni mtu mmoja. Kwenye mfumo ni wawili. Viweke vyeti sambamba, usome herufi kwa herufi, pamoja na majina ya wazazi. Vikitofautiana, mwone wakili akuandalie didipoli (hati ya kiapo ya jina, "deed poll"), nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja, kwa hiyo isisubiri Julai.

Matokeo yakitoka, omba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4.0, kwa mfano D mbili, lakini programu nyingi zinadai zaidi. Cheti cha UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) hakiongezi hata nusu pointi, na mkopo hautolewi kwa kipaji cha mpira. Anayetaka kusomea michezo yenyewe, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Anayesomea kingine bado atacheza timu ya chuo na mashindano ya TUSA, chama cha michezo ya vyuo vikuu.

Mkopo huombwa kwenye OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa HESLB, ada TSh 30,000. Tumia namba ileile ya mtihani wa Kidato cha Nne uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani akitumia namba mbili tofauti, maombi yake ya chuo na ya mkopo hayatakutana. Fomu ikishajazwa ichapishwe, isainiwe na mwombaji na mdhamini, igongwe mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha ipelekwe kwa wakili au hakimu. Kurasa zenye sahihi ziskaniwe stationari. Picha ya simu yenye kivuli juu ya mhuri ni sababu tosha ya kurudishiwa fomu.

Ukipata zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe mfupi. Kambini JKT simu si ya uhakika. Sajili maombi kwa laini itakayobaki nyumbani, na mwachie mama, baba au kaka nywila na barua pepe.

Mkataba wa klabu usisainiwe kabla hujajua chuo kiko wapi. Dar hadi uwanja wa Mkwakwani, Tanga, ni kama kilomita 350, na mazoezi ya kila siku Tanga hayachanganyiki na vipindi vya UDSM Mlimani. Omba klabu iandike ndani ya mkataba ruhusa ya masomo na siku za mitihani. Ahadi ya mdomo ya kocha huondoka na kocha. Aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi, na nakala ya mkataba irudi nao nyumbani.