Somo: Kuendesha programu za seva kwa supervisorctl, na kwa nini amri ya reload iogopwe

Nimeandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kila wiki: "Programu yangu inafanya kazi vizuri nikiwa nimefungua terminali, lakini nikiifunga tu, programu nayo inakufa. Nifanyeje?" Kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa.

Chombo ninachokitumia ni Supervisor, nacho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni supervisord, ambayo hukaa macho muda wote, ikiwasha programu ulizoikabidhi na kuzifufua zinapoanguka; ya pili ni supervisorctl, yaani amri unayoiandika wewe ili kuzungumza na ile ya kwanza. Mambo yote ya programu yako, iko wapi, iendeshwe na mtumiaji gani, ikianguka ifanywe nini, huandikwa kwenye faili la usanidi. Maelezo haya ni ya Linux ya aina ya Debian na Ubuntu. Kwenye Windows Supervisor haifanyi kazi, kwa hiyo swali la Windows tusilirudie.

Hatua ya 1. Sakinisha: `sudo apt install supervisor`

Hatua ya 2. Unda faili `/etc/supervisor/conf.d/malipo.conf` (`malipo` ni jina la programu yangu ya mfano, weka la kwako). Jina lisipoishia na `.conf`, halitasomwa.

```
[program:malipo]
command=/opt/malipo/venv/bin/python /opt/malipo/app.py
directory=/opt/malipo
user=malipo
autostart=true
autorestart=true
environment=PYTHONUNBUFFERED="1",SIRI_DB="weka-nenosiri-hapa"
stdout_logfile=/var/log/malipo.log
redirect_stderr=true
```

Mstari wa `command` hausomwi na bash, yaani programu inayopokea amri zako kwenye terminali, hivyo alama za `|`, `>` na `&&` hazina maana yoyote hapo; andika njia kamili ya programu na vigezo vyake, basi. Pia programu yenyewe isijifiche nyuma. Ukiipa chaguo la kujitenga na terminali, supervisord itaona mchakato ilioufungua umekwisha, itadhani programu imeanguka, itaiwasha tena, na ile ya pili itakuta mlango wa mtandao umeshashikwa na ya kwanza. Wanaoendesha nginx, programu ya kuhudumia tovuti, kwa njia hii huiwekea `daemon off;` kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Andika `sudo supervisorctl reread`. Ukiona `malipo: available`, faili limesomeka.

Hatua ya 4. Andika `sudo supervisorctl update`. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Amri zinazochanganywa ni nne. `reread` husoma mafaili ya usanidi na kukueleza kilichobadilika, bila kugusa programu yoyote inayoendelea. `update` husoma pia, kisha huwasha zilizo mpya, huondoa zilizofutwa na huanzisha upya zile tu ambazo usanidi wake umebadilika. `restart malipo` huizima na kuiwasha programu moja, lakini haisomi faili upya, hivyo ukibadilisha nenosiri kisha ukaandika `restart`, programu itarudi na nenosiri la zamani. Ya nne ni `reload`, ambayo jina lake linadanganya: huzima programu zote, huzima na supervisord yenyewe, kisha huianzisha upya kuanzia mwanzo.

Nilikuwa natunza seva ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, yenye programu tatu: moja ikipokea taarifa za malipo ya simu, moja ikituma ujumbe mfupi kwa wanachama na ya tatu ikiandaa ripoti za usiku. Saa nne usiku nilibadilisha nenosiri la hifadhidata, nikalibandika kwenye mstari wa `environment`, nikaandika `sudo supervisorctl reload` nikidhani ninaiambia isome faili upya. Nenosiri lile lilikuwa na alama ya asilimia katikati. Supervisor huichukulia alama hiyo kuwa mwanzo wa kigeu kinachotakiwa kujazwa thamani, na isipoandikwa mara mbili, `%%`, faili zima linakataliwa. Basi programu zote tatu zikazimwa kwa utiifu, supervisord ikajaribu kusoma usanidi, ikajikwaa kwenye ile asilimia, ikafa yenyewe. Nilipouliza `status` nikajibiwa `unix:///var/run/supervisor.sock no such file`, na nilikaa karibu saa nzima nikihangaika na soketi, lile faili ambalo supervisorctl huzungumzia na supervisord, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Laiti ningeanza na `reread`, ningepata jibu la mstari mmoja linaloanza na `ERROR: CANT_REREAD`, na programu zangu zingeendelea kama kawaida huku nikisahihisha faili.

Tahadhari: ukiandika `reload` moja kwa moja kwenye mstari wa amri, huulizwi kama una uhakika. Swali hilo huja pale tu unapokuwa umeingia ndani ya supervisorctl.

Tahadhari ya pili: usipotaja `stdout_logfile`, Supervisor hujichagulia faili la kumbukumbu yenyewe, na faili hilo hufutwa supervisord inapoanza upya. Kwa hiyo `reload` inaweza kukuangushia programu na kuondoka na ushahidi wa kilichotokea.

Hatua ya 5. Andika `sudo supervisorctl status`. Ukiona `RUNNING`, umemaliza.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Chipukizi: Mkuu, nimefuata hatua zote haifanyi kazi. Naomba msaada wa haraka.

Mwandishi: "Haifanyi kazi" haitoshi kuwa maelezo. Leta jibu la `status` na mistari ishirini ya mwisho ya faili la kumbukumbu.

Mama Seva: Ahsante kwa somo, mwalimu. Nimeweka `user=malipo` kama ulivyoelekeza, lakini programu inatafuta mafaili yake ndani ya `/root`, nyumbani kwa mtumiaji mkuu root, na kukataliwa ruhusa. Nimethibitisha kwa `ps`, amri ya kuorodhesha michakato, kwamba mwenye mchakato kweli ni malipo. Inawezekanaje awe mtu huyu halafu aende nyumbani kwa mwingine?

Mwandishi: Dada, umeuliza vizuri na umeanza kuchunguza mahali panapostahili. Supervisor humbadilisha mwenye mchakato tu. Haimwingizi kama anavyoingia mtu kwenye terminali, kwa hiyo vigeu vya `HOME` na `USER` havibadiliki, na vinabaki na thamani vilizorithi kwa supervisord. Ongeza kwenye `environment`: `HOME="/home/malipo",USER="malipo"`, kisha `reread` na `update`. Kwa sababu hiyo hiyo, vigeu ulivyoviandika kwenye `.bashrc`, faili ambalo bash husoma unapofungua terminali, havitaonekana, kila unachokihitaji kiandikwe kwenye faili.

Mama Seva: Imekubali. Na hiyo `PYTHONUNBUFFERED` ni ya nini?

Mwandishi: Python inapoandika kwenye faili badala ya terminali, hukusanya maneno kwanza na kuyamwaga kwa mkupuo. Usipoiweka, unaweza kukuta faili la kumbukumbu tupu ilhali programu inafanya kazi, ukaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Mzee wa Kernel: Sioni sababu ya somo hili. Systemd, ambayo nayo huwasha na kusimamia programu za seva, imo kwenye kila Debian tangu toleo la 8. Supervisor imepitwa na wakati.

Mwandishi: Systemd naijua na ninaitumia, supervisord yenyewe kwenye seva zangu huwashwa nayo. Ila ndani ya kontena za Docker, yaani vifurushi vinavyoendesha programu zikiwa zimetengwa na mfumo mwingine, kwa kawaida systemd haimo, na ninapokuwa na programu nane za mradi mmoja napenda kuziona zote kwa `status` moja. Mwenye kupenda systemd aandike somo lake, nitalisoma.

Chipukizi: Status hii hapa: `malipo FATAL Exited too quickly (process log may have details)`. Kwenye command nimeweka `nohup python app.py &`.

Mwandishi: Rudi Hatua ya 2, aya iliyo chini ya usanidi. Ondoa `nohup` (amri ya kuzuia programu isife terminali ikifungwa, hapa haihitajiki), ondoa `&`, weka njia kamili. Ikishafika `FATAL` haitajaribu tena yenyewe. Kwa kawaida huwa imeshindwa jaribio la kwanza na marudio matatu. `update` itaiwasha ikiona umebadilisha faili.

Fundi wa Usiku: Mimi huwasha programu kupitia hati ya bash inayoandaa mazingira kwanza. Nikiandika `stop`, Supervisor inasema imezima, lakini mlango 8000 bado umeshikwa.

Mwandishi: Iliyozimwa ni bash, mtoto wake, yaani programu iliyoiwasha, amebaki yatima. Kwenye mstari wa mwisho wa hati andika `exec` kabla ya jina la programu, ili programu ichukue nafasi ya bash na kupokea ishara ya kuzimwa moja kwa moja. Usipoweza kuigusa hati, weka `stopasgroup=true` na `killasgroup=true`.

Fundi wa Usiku: `exec` imetatua. Nami niongeze kwa wenye seva ndogo: kila faili la kumbukumbu hukua hadi MB 50 na huwekewa nakala 10 za zamani. Programu nne zilinijazia diski ya GB 5 yenye mfumo mzima juu yake.

Mwandishi: Kweli kabisa, na nilisahau kulitaja. Wekeni `stdout_logfile_maxbytes=5MB` na `stdout_logfile_backups=3`. Nimeona sasa kwamba hata seva yangu moja haina mistari hiyo, ngoja nikairekebishe.